Kabla hujamlipa mwalimu wa Reiki: yaliyonikuta kwa walimu wawili

Mleta uzi

Wakuu, mwezi huu peke yake nimeulizwa faraghani mara nne: "Nataka kujifunza Reiki, niende kwa mwalimu gani?" Jina siwezi kutoa, maana kila anayeniuliza yuko kwake na ana hali yake. Nitakachofanya ni kusimulia nilivyompata mwalimu wa kwanza, kilichonifanya nimwache, na nilivyompata wa pili ambaye niko naye mpaka leo. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kwa wasioijua: Reiki ni njia ya kumwekea mtu mikono iliyotoka Japani. Mtu analala au anakaa, nguo zake mwilini, na anayemhudumia anaweka viganja kichwani, mabegani, tumboni, miguuni, dakika chache kila mahali, bila kukanda wala kubinya. Wengine hawagusi kabisa, wanaacha nafasi ndogo kati ya kiganja na mwili. Wanaoifuata husema kuna nguvu ya uhai inayopita mikononi. Mafunzo yake yana ngazi, kwa kawaida tatu, ya tatu ikiwa ya ualimu, na katika kila ngazi mwalimu anakufanyia tendo fupi la kukufungulia njia. Wajapani huliita reiju.

Hapo ndipo ugumu wa kuchagua mwalimu unapoanzia. Ukijifunza ushonaji, nguo yenyewe itasema kama ulifundishwa vizuri. Huku hakuna nguo ya kutazama. Unamwamini mtu kabla hujaona chochote, na cheti utapewa hata kama hukuambulia kitu.

Mwalimu wangu wa kwanza nilimchagua kwa vyeti. Ukuta wake ulijaa, vingine vina mihuri ya dhahabu, nikajiambia mtu aliyesoma yote hayo hawezi kunipoteza. Tulikuwa watu 14 katika chumba kimoja kwa siku mbili: siku ya kwanza ngazi ya kwanza, siku ya pili ngazi ya pili. Aliongea vizuri mno. Alitusimulia historia, akatuonyesha alama zinazotumika katika Reiki, akatufungulia njia mmoja baada ya mwingine tukiwa tumefumba macho, tukapiga picha, tukakabidhiwa vyeti. Muda wa kumwekea mtu mikono, yaani kazi yenyewe tuliyoifuata, haukufika saa moja kwa siku zote mbili. Na hata huo mwalimu hakuwapo, alikuwa nje anaongea na simu.

Wiki moja baadaye nikamwekea mama yangu mikono mabegani. Sikusikia joto, sikusikia chochote. Nikamwandikia mwalimu nikimuuliza nakosea wapi. Jibu lilikuja siku ya tatu: ngazi ya ualimu inaanza mwisho wa mwezi, zimebaki nafasi mbili.

Hilo ningelimezea. Ambalo halijanitoka moyoni, na hapa na mimi nimo, ni jambo la siku ile ya pili. Mwenzetu mmoja, mama wa makamo, aliuliza kama aendelee na dawa zake za presha. Mwalimu akamjibu mbele yetu sote kwamba dawa za hospitali zinaziba njia, na mwili uliokwisha kufunguliwa hauzihitaji tena. Chumba kizima kimya. Mimi nilijua amesema vibaya, presha tunaijua nyumbani kwetu. Nikanyamaza na wenzangu. Siku chache baadaye yule mama alipelekwa hospitali hajiwezi. Alinusurika, namshukuru Mungu, lakini nilipokwenda kumjulia hali nilishindwa kumwangalia usoni.

Ndiyo maana naandika.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana mkuu. Ila nikuulize, mtu mgeni kabisa atajuaje nani ni mwalimu na nani ni mbabaishaji? Sisi tusiojua kitu tunaangalia vyeti kwa sababu hatuna kingine cha kuangalia.

Mleta uzi

Swali la haki kabisa, na mimi lilinipata hivyohivyo.

Cheti usikidharau, ila jua kinasema nini. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayoeleza nani anastahili kuitwa mwalimu au masta wa Reiki, kama ilivyo kwa daktari au muuguzi. Mtu anaweza kuanza Ijumaa hajui kitu na Jumapili akawa masta, na hakuna sheria aliyovunja. Zipo juhudi za kuweka utaratibu. Uingereza, kwa mfano, kuna rejista iitwayo CNHC inayopokea watoa huduma wa Reiki waliofikia viwango vilivyoandikwa, lakini hata hiyo ni ya hiari. Kwa hiyo cheti cha ukutani kinakuthibitishia kwamba fulani alihudhuria mahali fulani tarehe fulani. Alikaa na nani, kwa muda gani, aliwawekea mikono watu wangapi chini ya macho ya mwalimu wake, hayo lazima umuulize mwenyewe.

Na swali la kwanza la kumuuliza tunalo neno lake zuri kabisa: silsila. Waliopita madrasa wanalijua, mwalimu hutaja alisoma kwa nani, naye huyo kwa nani, hadi juu. Reiki ina desturi hiyohiyo, na kwa kuwa ni ya juzi tu, silsila yake ni fupi na inahesabika.

Inaanza kwa Mikao Usui, aliyezaliwa 1865 katika mkoa wa Gifu. Mwaka 1922 alikaa siku 21 akifunga na kutafakari kwenye Mlima Kurama, kaskazini mwa Kyoto, na mwaka huohuo akafungua chama chake Tokyo. Alifariki 1926. Jiwe la kumbukumbu ambalo wanafunzi wake walilisimamisha Tokyo mwaka uliofuata linasema aliwafundisha watu zaidi ya 2,000. Miongoni mwao alikuwamo Chujiro Hayashi, ofisa mstaafu wa jeshi la majini, ambaye naye alifungua kliniki Tokyo. Mwaka 1935 akafika hapo mwanamke mgonjwa kutoka Hawaii, Hawayo Takata. Alihudumiwa, akapata nafuu, akaomba kufundishwa. Ni yeye aliyeivusha Reiki kwenda ng'ambo, na hadi anafariki mwaka 1980 alikuwa amewafikisha watu 22 kwenye ngazi ya ualimu. Walimu wengi walio nje ya Japani silsila yao inapita kwa mmoja wa hao 22. Wengine wanapitia kwa Chiyoko Yamaguchi, aliyejifunza kwa Hayashi akiwa binti na kuiendeleza kulekule Japani. Hao ndio watu wa tawi liitwalo Jikiden Reiki.

Maana yake ni kwamba mwalimu wako anapaswa kuweza kukaa chini na kukutajia majina, pengine sita au kumi, toka kwake hadi kwa Usui. Wa kwanza nilipomuuliza alinijibu kwamba nguvu haina ukoo. Niliona ni jibu la mtu mwenye hekima. Baadaye nikaelewa kwamba nilikuwa nimeuliza kitu na sikujibiwa.

Nyongeza kidogo hapohapo. Takata alizoea kusimulia kwamba Usui alikuwa Mkristo, aliongoza Chuo cha Doshisha, tena alisoma Chuo Kikuu cha Chicago. Watu walipokwenda kutafuta katika kumbukumbu za vyuo hivyo, jina lake halikuonekana. Kwa hiyo mimi humuuliza mwalimu: "Usui alisoma Chicago?" Akisema ndiyo kwa kujiamini, najua hajafungua kitabu siku nyingi. Akisema "hadithi hiyo ilikuwapo, ikachunguzwa, haikuthibitika", nakaa vizuri kwenye kiti.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilikwama kwenye ada. Mwalimu niliyempata anataka pesa nyingi, nikimwomba apunguze anasema Reiki ya bei rahisi haina nguvu, mtu asiyetoa hapokei. Kuna ukweli hapo?

Mleta uzi

Hayo maneno yana chimbuko. Takata kwa ngazi ya ualimu alitoza dola 10,000, na miaka ya 1970 hizo zilikuwa pesa nyingi sana. Yeye aliamini mtu hukithamini alichokigharimia. Baada yake, walimu wengine wakashusha ada sana, na wapo leo wanaofundisha kwa sadaka tu. Mikono ya wanafunzi wa makundi haya mawili ukiilinganisha hutaona kwamba wa ada kubwa ndio bora. Nimekaa nao wote kwenye mazoezi.

Usibishane naye juu ya kiasi. Muulize pesa hiyo inakupa nini. Saa ngapi za kufundishwa? Darasa la watu wangapi? Katika saa hizo, ngapi ni za kuweka mikono naye yupo anakutazama? Ukitaka kurudia darasa mwakani utalipa tena? Ukiwa na swali miezi miwili baadaye, unampigia nani? Mwalimu wangu wa sasa anaruhusu mwanafunzi wake wa zamani kurudi kukaa darasa lilelile bila malipo, na nimesharudi mara mbili. Mara ya pili ndiyo niliyoelewa kwa nini aliniambia nilegeze mabega.

Na akikutaka ulipie ngazi zote tatu kwa mkupuo kabla hujaanza ya kwanza, usilipe. Hujui bado kama utaipenda, hujui kama utampenda yeye.

Mchangiaji wa tatu

Samahani nitakuwa mkali kidogo. Mnazungumza kama vile hii kitu imethibitishwa. Kuna utafiti wowote unaoonyesha inatibu? Kama hakuna, basi kuchagua mwalimu mzuri wa kitu kisichokuwapo ni kupoteza muda.

Mleta uzi

Hujawa mkali, umeuliza jambo ambalo kila mwanafunzi angepaswa kuuliza, na nitakujibu bila kuzunguka.

Mwaka 2015 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa mapitio ya tafiti za Reiki kwa watu wenye wasiwasi na sonona. Walichosema ni kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuamua kama inasaidia au haisaidii. Kituo cha serikali ya Marekani kinachochunguza tiba za aina hii, NCCIH, kinasema Reiki haijaonyeshwa waziwazi kufaa kwa tatizo lolote la afya, na hiyo nguvu inayotajwa haina uthibitisho wa kisayansi kwamba ipo. Sina la kuongeza wala kupunguza hapo.

Mimi naifanya kwa sababu kukaa nusu saa na mtu kimya, mikono yako imetulia juu yake, kunanituliza mimi na kunamtuliza yeye. Mama yangu hulala. Sijawahi kumwambia mtu kwamba itamponya, na nikimsikia mtu anasema hivyo siku hizi sinyamazi tena.

Lakini ndugu yangu, hitimisho lako silikubali. Kwa vile haijathibitishwa, ndiyo kwanza uchaguzi wa mwalimu unakuwa mkubwa. Watu watakwenda tu, wewe na mimi hatutawazuia. Mgonjwa akiangukia kwa mwalimu anayeujua mpaka wake, atarudi nyumbani amepumzika na dawa zake mkobani. Akiangukia kwa yule wa kwanza wangu, mlishasoma kilichotokea.

Kwa hiyo swali lako hilohilo mpelekee mwalimu kabla ya kulipa: "Utafiti unasemaje?" Mtazame anavyolipokea. Wa pili wangu nilimuuliza siku ya kwanza tulipoonana, na ukweli nilikuwa nimekwenda na hasira. Akasema: "Haujathibitisha. Mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii na bado sijui ni nini hasa kinachotokea. Ninachojua ni yale ambayo watu huniambia wakiinuka." Kisha akanyamaza, hakujaribu kunishawishi. Nikamuuliza la pili: mtu ana uvimbe, unamwambiaje? "Hilo ni la daktari. Akitaka nitamwekea mikono wakati anasubiri majibu."

Nililipia hapohapo? Hapana, alinikatalia.

Mchangiaji wa kwanza

Alikukatalia pesa? Hebu eleza.

Mleta uzi

Aliniambia kwanza nije nilale kitandani. Alitaka nipokee kabla ya kujifunza, vikao vitatu, nijue mwili wangu unasemaje, na nimjue yeye anavyofanya kazi. Alisema mtu ambaye hajawahi kuwekewa mikono hawezi kujua mikono yake mwenyewe inamletea nini mwenzake.

Vikao vile vitatu vilinifundisha kuchagua kuliko ushauri wowote niliopata. Katika cha kwanza, kabla hajanigusa, aliniuliza maswali: nina ugonjwa gani, natumia dawa gani, kuna mahali sitaki kuguswa, nimepata kuumizwa. Akanieleza atapita wapi na wapi. Akasema naweza kumwambia asimame wakati wowote na sitadaiwa sababu. Hakuniambia ameona nini ndani yangu. Wa kwanza alikuwa na tabia hiyo, anakuwekea mkono tumboni anasema una kinyongo na baba yako, darasa zima linasikia. Huyu alipomaliza aliniletea maji, akauliza najisikiaje, akasikiliza.

Kisha ngazi ya kwanza. Tulikuwa wanne. Alitufungulia njia, ndiyo, lakini hilo lilichukua muda mfupi, na siku zilizobaki tulikuwa mikono juu ya mtu. Tunabadilishana, huyu analala, yule anaweka, naye anazunguka. Anakuja nyuma yako, anaangalia mgongo wako umekaaje, anakunong'oneza ushushe viwiko. Alitufundisha byosen, ambayo kwa maneno ya kawaida ni kusikiliza kwa viganja: unakaa mahali pamoja hadi unaanza kutofautisha hapa na pale. Mwenzetu mmoja akasema hasikii kitu kabisa, karibu alie. Nilijiona mimi na mabega ya mama. Mwalimu akamwambia wanafunzi wengi hawasikii mwanzoni, wengine huchukua miezi, na kutosikia hakumzuii mtu aliyelala asipumzike. Sentensi moja tu, ningeipata kwa yule wa kwanza nisingehangaika mwaka mzima.

Baada ya darasa alitupa kazi ya siku 21: kujiwekea mikono mwenyewe kila siku, na asubuhi kusoma yale maagizo matano yanayotokana na Usui. Leo tu, usikasirike. Leo tu, usiwe na wasiwasi. Shukuru. Fanya kazi yako kwa bidii. Uwe mwema kwa watu. Tukawa tunaandika kwenye daftari kilichotokea, hata kama ni "leo nimelala nikiwa bado sijamaliza". Alizisoma zile daftari. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo lililonionyesha mimi ni mwanafunzi wa mtu: ukurasa wa siku ya 9 aliandika pembeni kwa kalamu, "hapa ulikuwa na nini?"

Ngazi ya pili nilisubiri miezi minne. Niliomba mapema, akasema bado. Sikupenda. Lakini kila mwezi alikuwa na jioni moja ya mazoezi ambapo wanafunzi wake wa zamani na wapya wanakutana kuwekeana mikono, na humo ndani ndiko nilikojifunza kwa kweli. Ngazi ya tatu sijaifika na sina haraka nayo.

Kwa hiyo mkiniuliza cha kutazama, tazameni siku baada ya darasa. Mwalimu anafanya nini na wewe ukishalipa na ukishapewa cheti? Njia rahisi ya kujua ni kuomba kuzungumza na wanafunzi wake wawili waliomaliza mwaka uliopita. Wale wa wiki iliyopita bado wana furaha ya cheti, hawatakusaidia. Waulize wa mwaka jana: bado mnafanya? Bado mnaonana naye?

Mchangiaji wa nne

Mimi ni dada, na kuna jambo sijaona likitajwa. Mwalimu ni mwanamume, kikao cha kufungua njia mnakuwa wawili chumbani, umefumba macho. Nilipomwambia nataka kuja na mdogo wangu akasema mtu wa tatu anaharibu nguvu. Sikwenda. Nilikosea?

Mleta uzi

Hukukosea hata kidogo, dada, na naomba kila anayesoma asome ulichoandika mara mbili.

Reiki haihitaji kuvua nguo. Haihitaji kuguswa kifua wala sehemu za siri, na mahali popote usipotaka mkono ufike, mkono unaweza kukaa juu bila kugusa. Reiju kwa desturi hufanywa hata kwa kundi la watu waliokaa pamoja chumba kimoja, kwa hiyo hayo ya mtu wa tatu kuharibu hayana msingi. Mwalimu anayejiheshimu ndiye atakayekuambia mwenyewe uje na ndugu, au aache mlango wazi, au amwite mwanafunzi mwingine akae. Wangu ana utaratibu wa kueleza kabla ya kufumba macho: sasa nitasimama nyuma yako, nitagusa utosi, kisha nitakuja mbele nishike viganja vyako. Hakuna kitu kinachokujia kwa kushtukiza.

Ukisikia "lazima tuwe peke yetu", "usimwambie mtu", au "ukikataa ni woga wako unaongea", ondoka. Pesa uliyokwisha kulipa mwachie.

Mchangiaji wa pili

Na hizi kozi za mtandaoni? Kuna wanaofungua njia kwa video, wengine kwa barua pepe kabisa, unaambiwa ukae saa fulani upokee.

Mleta uzi

Hapa walimu wenyewe hawakubaliani. Wanaokubali husema ngazi ya pili inafundisha kumtumia mtu Reiki akiwa mbali, basi kwa nini kufungua njia kusiwezekane hivyohivyo. Wanaokataa, hasa wenye kufuata njia za Kijapani, husema reiju ni ya ana kwa ana. Sitaamua kesi ya wakubwa.

Langu ni dogo. Historia unaweza kuisoma kwenye skrini. Alama, ambazo zamani zilifichwa wasizione wasiofunguliwa, leo zimejaa intaneti. Lakini video haikuonyeshi kwamba umekaza mabega, na hakuna mtu wa kukulaza kitandani ukajua uzito wa mkono unavyopokelewa. Kama ulipo hakuna mwalimu na huna njia nyingine, tafuta yule anayefundisha kwa video akiwa hewani nawe, anayekuona, mwenye darasa dogo, na anayekutaka ufanye mazoezi kwa mtu aliye nyumbani kwako huku akitazama. Ile ya barua pepe na cheti cha kupakua, hapana.

Mchangiaji wa tano

Imani je? Kanisani kwetu tumeambiwa tukae nayo mbali.

Mleta uzi

Uliyoambiwa yana uzito na siwezi kukuambia uyapuuze. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliandika mwongozo mwaka 2009 wakisema taasisi za Kikatoliki zisiihimize Reiki. Walimu wengi wa Reiki kwa upande wao husema si dini, na wapo wanafunzi wa dini mbalimbali. Zungumza na kiongozi wako wa dini kabla, si baada. Kwa mwalimu angalia kitu kimoja: ukimweleza wasiwasi wako, anauheshimu? Akikuambia imani yako ndiyo inayokuzuia, umeshapata jibu juu yake.

Mchangiaji wa tatu

Mimi niliyeuliza habari za utafiti. Bado siamini hii kitu, lakini nimesoma mpaka mwisho. Naomba tu kujua, yule mama wa presha anaendeleaje?

Mleta uzi

Asante kwa kumuulizia, kaka. Anaendelea vizuri, anakunywa dawa zake na anakwenda kliniki. Ilinichukua miezi kumpigia simu kumwomba radhi kwa kunyamaza siku ile. Alinyamaza kidogo, akasema na yeye alijua, ila alitamani sana iwe kweli.

Mwezi uliopita alikuja kwenye jioni yetu ya mazoezi. Akaniomba mimi nimwekee mikono. Kabla hajalala nikamuuliza kama amekunywa dawa ya asubuhi. Akafungua mkoba, akanionyesha kidonge cha siku ile hakipo, kisha akapanda kitandani.